Harusi Yetu Ilivyokatwa Pembeni

Mimi na mume wangu hatujawahi kugombana kuhusu ndugu, wala kuhusu nani aoshe vyombo. Tumegombana kuhusu vile vipande vyeusi vinavyokaa juu na chini ya filamu.

Yeye ni mtu wa upana. Akiweka filamu, hata kama picha imebanwa katikati ya kioo, juu giza na chini giza, anakaa ameridhika, mikono kifuani, kama yuko ibadani. Anasema aliyepiga picha ile alijua anachofanya na sisi kazi yetu ni kutazama. Mimi ni mtu wa kujaza. Nikiona sehemu ya kioo haina kitu, nahisi kama nimepewa nyumba ya vyumba vitatu halafu kimoja kimefungwa kwa kufuli. Kwenye rimoti yetu kuna kitufe cha kubadilisha umbo la picha. Tangu tuhamie Uyole, hapa Mbeya, kitufe hicho ndicho kilichofutika maandishi kabla ya vingine vyote.

"Umewakata vichwa," mume wangu husema.

"Vichwa vipo. Zilizokatwa ni nywele."

"Na yule aliyekuwa amesimama mlangoni?"

"Alikuwa haongei chochote."

Akienda jikoni kuongeza chai, nabonyeza. Akirudi anasimama na kikombe chake, anaangalia kioo, ananiangalia mimi, na mimi naangalia filamu kwa utulivu mkubwa. Siku moja alirudi akakuta mama mmoja kwenye filamu anamsihi mwanawe arudi nyumbani, na huyo mwana, kwa kazi ya kidole changu, amebaki pua peke yake ukingoni mwa kioo. Mama wa watu analia anaisihi pua. Nilicheka mpaka karanga zikamwagika kwenye kochi, na mume wangu akaketi chini kwa heshima zote akasubiri nimalize.

Ugonjwa huo nimeurithi kwa baba yangu. Baba ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, na anaishi na mama Kihesa, Iringa, kwenye nyumba niliyokulia. Miaka yote pale sebuleni palikuwa na televisheni ya zamani, ya mraba, yenye kisogo kikubwa kiasi kwamba kabati lilitobolewa nyuma ili itoshee. Mimi na mume wangu tulipofunga ndoa, zaidi ya miaka kumi iliyopita, mpiga video alikuja na kamera mpya, ya picha pana, akiringa nayo kuliko bwana harusi alivyoringa na suti. Baada ya wiki tatu akaleta diski mbili. Moja tuliondoka nayo kwenda kuanza maisha Mbeya, ikapasuka ndani ya begi, chini ya pasi. Ya pili ikabaki kwa wazazi, imefungwa kwenye kitambaa cha kudarizi.

Siku ya kwanza baba alipoiweka kwenye deki, harusi ikatokea ndogo katikati ya kioo, juu nyeusi, chini nyeusi.

"Huyu bwana ametuletea harusi nusu," baba akasema, akampigia simu arudi.

Mpiga video akarudi. Akaeleza kwamba kamera ni pana na televisheni ni ya mraba, kwa hiyo ama picha ipungue iingie yote, ama ijae kioo ikatike pembeni. Akamwonyesha baba kwamba deki yenyewe ina mahali pa kuchagua.

"Jaza," baba akasema.

"Mzee, pembeni patakatika."

"Pembeni kuna nini? Bibi harusi yuko katikati."

Ikajazwa. Na hivyo ndivyo harusi yangu ilivyotazamwa na kila mgeni aliyeingia nyumba ile: wachungaji, majirani, hata fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la jikoni. Kwaya ya watu kumi na wawili ilionekana ya watu saba. Mpambe wa mume wangu hakuwa mtu, alikuwa mkono wenye saa. Ndugu zake mume wangu waliotoka Tukuyu kwa basi zima walikuja kutazama, wakajitafuta, wakaona viwiko. Waliondoka kwa adabu lakini nadhani hawajasahau.

Sasa nimwelezee shangazi yangu, dada yake baba, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Shangazi anaishi Kalenga, analima mahindi na njegere, ni mwembamba, mrefu, ana sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Tangu harusi yangu alikuwa na sentensi moja. Aliisema kwenye misiba, aliisema kwenye kipaimara, aliisema akisimama mlangoni kabla hata ya kutusalimia kwa kamwene ya Kihehe.

"Mimi kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu nilirudi Kalenga na njaa."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama anavyosema mvua imechelewa. Na kila alipoisema, mama yangu, ambaye ndiye aliyesimamia chakula siku ile, alinywea kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Mama alipika tani za chakula. Mama alihesabu kuku kwa majina. Halafu wifi yake mmoja, shangazi mzaliwa wa familia, arudi na njaa? Alikuwa akijitetea, "Wifi, si ulipitia kwenye foleni kama wengine?" Na shangazi anajibu, "Nilipitia," halafu anaangalia dirishani.

Kilele kilikuwa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Shangazi alikuja na hotipoti yake. Watu wamekaa, chakula kinapita, yeye akaifungua kwenye mapaja, ugali na majani ya maboga, akaanza kula. Mama alipomletea sahani akasema, "Asante wifi, mimi nimejipanga." Mama aliingia chumbani akalala na viatu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ile televisheni ya mraba ikafa. Mume wangu, ambaye anampenda sana baba yangu ijapokuwa hawakubaliani kuhusu jambo lolote lenye kioo, akanunua mpya, bapa na pana, tukaipeleka wenyewe kwa basi. Aliishika kati ya magoti tangu Mbeya hadi Iringa, imefunikwa blanketi. Makambako watu wakashuka kula, yeye akabaki nayo. Mimi nilimletea mahindi ya kuchoma dirishani.

Tulifika mchana. Baba alishaondoa maiti ya televisheni kabatini, na tundu la nyuma la kabati likabaki wazi linatazama ukuta. Mume wangu akaunganisha nyaya, akaunganisha na deki ile ile ya zamani, maana baba hakutaka kusikia habari ya kuiacha. Cha kwanza kuwekwa kilikuwa harusi. Kingekuwa nini kingine?

Ikatokea picha ya mraba katikati, na giza upande wa kushoto na wa kulia.

Baba akavua miwani. "Nyeusi zimehama," akasema. "Zamani zilikuwa juu na chini. Sasa ziko kando."

"Subiri baba," nikasema, nikachukua rimoti, nikabonyeza kitufe ninachokijua. Picha ikavutika ikafika pande zote mbili. Watu wote wakatanuka. Mchungaji akawa na mabega ya wachungaji wawili. Keki ikawa kama godoro.

"Ee, hapo sawa," mama akasema, akijitazama anapita na gauni lake la zambarau. "Hapo nina afya."

Mume wangu hakuvumilia. "Mama, samahani, hii si afya, hii ni picha imevutwa. Tatizo ni deki. Bado inaamini televisheni ni ya mraba." Akapiga magoti mbele ya kabati, akaingia kwenye mipangilio ya deki, kule alikokuwa ameingia mpiga video miaka ile, akabadilisha.

Sijui niielezeje. Ilikuwa kama mtu amebomoa kuta mbili za sebule. Kwaya ikawa ya watu kumi na wawili. Ule mkono wenye saa ukapata bega, ukapata shingo, ukapata mpambe mzima, anayetabasamu, ambaye baba alimpungia mkono kwa kujisahau. Wale ndugu wa Tukuyu walikuwepo, benchi zima, wamependeza kweli kweli, na aibu ikanishika kwa niaba ya nyumba yetu yote. Na upande wa kulia kabisa, kwenye kiti cha plastiki, alikuwepo bibi yangu mzaa mama, anapiga makofi nje ya mdundo wa kwaya. Bibi alifariki mwaka uliofuata harusi. Mama aliinuka akaenda kugusa kioo.

"Kumbe alikuwa hapa," akasema.

"Amekaa pembeni siku zote," baba akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyesema pembeni hakuna kitu."

Mume wangu hakusema, "Si nilisema?" Nilimwangalia nione kama atasema. Hakusema, na nikamheshimu, ingawa masikio yake yalikuwa yanang'aa kwa ushindi.

Tukafika kwenye chakula. Mshereheshaji anaongea katikati, mimi na mume wangu tumekaa mezani tumechoka. Kushoto, nyuma ya nguzo ya turubai, sehemu ambayo hatukuwahi kuiona, ikatokea kitenge cha njano.

"Simamisha!" mama akapiga kelele. "Rudisha nyuma! Hapo! Simamisha!"

Nikasimamisha. Alikuwa shangazi. Ameshika sahani kwa mikono miwili. Pilau imepanda juu kama kichuguu, na juu ya pilau yamekaa mapaja mawili ya kuku.

Mama akamgeukia baba. "Huyo ni nani? Sema wewe, nisije nikaambiwa nimesema mimi."

"Ni dada yangu," baba akasema.

"Ana nini mkononi?"

Baba akafuta miwani kwa shati, akaivaa. "Sahani."

"Ina nini?"

"Iko mbali kidogo, mama watoto."

"Endelea," mama akaniambia. Nikaendesha. Shangazi akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara kuu ya Zambia, halafu akavuta upande wa kitenge akaifunika ile sahani, akatoka nje ya picha.

"Zima!" mama akasema. "Inatosha. Zima hapo hapo."

Nikazima. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, ana umri wa miaka sitini na kitu, na nakuapia alikuwa anaonekana msichana. "Zaidi ya miaka kumi," akasema. "Zaidi ya miaka kumi nimeitwa mchoyo mbele za watu. Na hotipoti juu." Akanishika bega. "Mpigie shangazi yako. Mwambie Jumapili baada ya ibada aje atazame televisheni mpya. Mwambie mama anapika pilau."

Ningeweza kukataa. Ningesema, mama, tuyaache. Lakini mimi ni mtoto wa mama yangu, na kusema kweli nilikuwa na hamu kuliko yeye. Nilipiga simu ile na sauti tamu mpaka nikajishangaa. Shangazi akasema atakuja, na akauliza kama ataletewa sahani au aje na yake.

Siku zilizobaki baba alihangaika. Jumamosi alinifuata uani ninaanika nguo.

"Mwanangu, ile picha ya kujaza bado ipo?"

"Ipo baba. Nikibonyeza mara mbili pembeni panapotea."

"Basi kesho ibonyeze. Ile ya zamani ilikuwa na amani."

Mume wangu alikuwa anapita na ndoo ya maji, akasikia. "Lakini baba, picha haifai kukatwa."

"Mkwe wangu," baba akasema, "sasa hivi ninafikiria kukatwa kwa ukoo."

Nikamwambia baba sawa. Nilikuwa tayari nimemwambia mama sawa. Usiniulize nilikuwa upande gani, nilikuwa upande wa mwenye rimoti.

Jumapili shangazi alifika amevaa koti juu ya kitenge, maana baridi ya Iringa mwezi ule haina utani, amebeba mfuko wa njegere. Hakuleta hotipoti. Alikaa kwenye kochi la katikati, akaisifia televisheni, akauliza kama kwa ule wembamba haivunjiki ukiifuta vumbi. Jikoni pilau ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Mama aliweka viungo kwa makusudi. Akatoka akakaa karibu na wifi yake, mikono juu ya magoti, mpole kama muumini mpya.

Baba akakohoa. Nikaweka diski, na kwa ajili yake nikabonyeza mara mbili. Picha ikajaa kioo, pembeni pakaondoka, kwaya ikarudi saba. Baba akashusha pumzi. Mama akanikazia macho, nikaangalia dari.

Aliyeharibu amani alikuwa shangazi mwenyewe.

"Huyu mama mbona amekatwa mkono?" akauliza. "Na huyu amebaki kichogo. Televisheni kubwa namna hii bado inakata watu?"

"Ndivyo ilivyo, dada," baba akasema haraka.

"Hapana shangazi," mume wangu akasema, naye alikuwa amejizuia wiki nzima. "Inaweza kuonyesha wote."

"Basi tuonyesheni wote. Mimi nimetoka Kalenga."

Nikamwangalia baba. Alikuwa amefumba macho. Nikabonyeza.

Kuta zikabomoka tena. Shangazi alifurahi, akawataja watu mmoja mmoja, akamwona bibi akasema, "Pumzika mama," halafu kikafika chakula. Nguzo ya turubai. Kitenge cha njano. Pilau kama kichuguu. Niliona aibu ghafla, aibu ya kweli. Kwenye kile kioo kikubwa uso wa shangazi ulikuwa umechoka sana, na sikuuona uchovu ule mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa natazama kuku.

"Wifi," mama akasema, sauti kama asali. "Huyo mwenye kitenge cha njano ni nani?"

Shangazi akasogea mbele. "Ni mimi."

"Umeshika nini?"

"Chakula."

"Aaa," mama akasema, akaegemea nyuma. Alikuwa amengoja hiyo "aaa" miaka yote ile. Akanipa ishara ya kidole nizime.

"Usizime," shangazi akasema. "Acha iende."

Ikaenda. Shangazi wa kwenye picha akaangalia kulia na kushoto, akafunika sahani, akatoka. Mshereheshaji akaendelea kuongea, mzaha wake mmoja mrefu ambao baba anaujua kwa moyo. Kamera ikageuka kidogo. Na upande wa kulia, kule mwisho kabisa, karibu na bati za jiko la muda, akaonekana mwanamke amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametugeuzia mgongo nusu. Gauni la zambarau. Viatu amevivua, viko chini kimoja huku kimoja kule. Mabega yanatikisika.

Kitenge cha njano kikaingia. Shangazi akachuchumaa mbele ya yule mwanamke, akafunua sahani, akamwekea mapajani. Mwanamke akatikisa kichwa. Shangazi akachukua kipande cha kuku akakipeleka mdomoni kwake, kama anavyolishwa mtoto. Mara ya pili mwanamke akakipokea mwenyewe. Akala. Alikula kwelikweli, ameinamia sahani, mpaka akalamba vidole, na shangazi amekaa chini kwenye nyasi, anamkanda miguu.

Mimi nilikuwa bado nimeshika rimoti. Sikuthubutu kusogeza kidole.

"Huyo ni mimi," mama akasema.

"Ni wewe," shangazi akasema. "Ulikuwa hujala tangu jana yake. Ulikuwa unalia unasema mtoto anapelekwa mbali, Mbeya, utamwona lini. Nikachukua sahani yangu nikaanza kukutafuta. Si umeona ninavyoangalia huku na huku?"

"Mimi nilijua unaangalia kama kuna anayekuona."

"Nikaifunika kwa sababu ya vumbi. Ulipomaliza nikarudi kwenye foleni, wakaniambia mama, kila mtu mara moja, na wewe umeshapita. Kweli nilikuwa nimeshapita."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Wale wasichana wako uliowapanga. Ulikuwa umewaambia wawe wakali."

Mama akaweka kiganja mdomoni. Baba alikuwa amefumbua macho, anatazama kutoka kwa mke wake kwenda kwa dada yake kama anayetazama mpira.

"Wifi," mama akasema, "kwa kilio na uchovu wa siku ile sikumbuki hata kama nilikula. Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia miaka yote. Nimesema nilirudi na njaa." Shangazi alirudisha mgongo kwenye kochi. "Wewe ukawa unajitetea. Hukuniuliza hata siku moja ilikuwaje."

"Na ile hotipoti?"

"Ile ilikuwa ya kukuudhi," shangazi akasema. "Hiyo nakiri."

Aliyeanza kucheka ni baba. Alicheka kwa pua, akijaribu kujizuia, halafu kifua, halafu miwani ikaanguka. Mama akalia na kucheka pamoja, akamshika wifi yake mkono, akawa anaupigapiga kwenye goti lake. Mume wangu alitoka nje akidai anaangalia antena, ijapokuwa alijua vizuri hakuna antena.

Mama alienda jikoni, nikamfuata. Alikuwa anapakua sahani ya shangazi, anaweka, anatazama, anaongeza.

"Mama, kumbe ulilia kwa ajili yangu?"

"Viatu vilikuwa vinabana," akasema bila kugeuka. "Shika hili bakuli la kachumbari."

Shangazi alikula sahani mbili. Alipomaliza ya pili akafuta mdomo, akamtazama mama, akasema, "Hizi ni za leo. Ya harusi bado." Mama akaenda akaleta ya tatu, nayo akaila nusu, iliyobaki akaomba ifungwe aende nayo Kalenga. Ikafungwa kwenye hotipoti mpya ya mama, ile ya maua, ambayo hatukuwa tunaruhusiwa hata kuigusa.

Kesho yake tulirudi Mbeya. Wiki mbili baadaye nilipiga simu Jumapili mchana kuwasalimia, baba akapokea kwa kunong'ona.

"Yupo," akasema.

"Nani?"

"Shangazi yako. Anakuja kila Jumapili. Amekalia kochi langu na ameshika rimoti."

"Anatazama nini?"

"Kila kitu. Na ameigeuza picha iwe ndogo, ndogo kabisa, nyeusi pande zote nne. Anasema hataki tena kitu chochote kikatike. Mimi naona watu kama njugu. Mwanangu, ile ya kujaza inarudishwaje? Nieleze polepole, niandike."

Nikamweleza. Nyuma yake nikasikia sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto ikiuliza anaongea na nani, na sauti ya mama ikijibu kwamba anaongea na yule mharibifu wa Mbeya. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, anasikiliza, filamu yake ameisimamisha katikati, ikiwa na nyeusi juu na nyeusi chini. Akaninyooshea rimoti. Niliipokea, nikaishika kidogo, nikatazama zile pembe za kushoto na kulia nione kama kuna mtu. Alikuwepo mzee mmoja anafagia. Nikamwacha aendelee kufagia, nikamrudishia mume wangu rimoti yake, na alipoinuka kwenda kuongeza chai, nikainyakua tena.